Maswali yanayoulizwa sana kuhusu wavuvi wadogo na nafasi yao kwenye maamuzi ya uvuvi

Haya ni maswali ambayo wavuvi, wachuuzi, maafisa uvuvi na watu wa miradi huuliza kila ishu ya kuwashirikisha wavuvi wadogo ikiguswa. Majibu mengine marefu, mengine mafupi, inategemea swali lenyewe, na pale nilipo na msimamo wangu nimeusema wazi.

Mvuvi mdogo ni nani hasa?

Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. Nchi nyingine wanaangalia urefu wa chombo, nyingine nguvu ya mashine, nyingine aina ya nyavu au umbali anaokwenda. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, lilipopitisha mwongozo wake wa uvuvi mdogo mwaka 2014 halikuweka tafsiri moja, liliacha kila nchi iamue yenyewe, tena kwa kukaa na wahusika. Kwa kawaida tunamwongelea mtu anayevua kwa chombo kidogo au kwa miguu kwenye maji kupwa, kazi nyingi ni ya mikono, mtaji mdogo, anaondoka na kurudi ndani ya siku moja au chache.

Ila usiishie kwenye chombo. Kuna wanaoparua, wanaokausha, wanaokaanga, wanaochuuza, wanaoshona nyavu, mafundi boti, vijana wa kubeba. Hawa wote wanaishi kwa samaki yule yule. Ukikosea hapa, yaani ukisema mvuvi ni mwenye boti tu, basi uwakilishi wote unaofuata umeshapinda kabla hata kura haijapigwa.

Kwani ni wengi kiasi gani?

Utafiti mkubwa uliotolewa 2023 na FAO, Chuo Kikuu cha Duke na WorldFish ulikadiria kwamba uvuvi mdogo unaleta angalau asilimia 40 ya samaki wote wanaovuliwa duniani na unabeba asilimia 90 ya watu walioajiriwa kwenye uvuvi wa kuvua, ukiacha ufugaji. Watu karibu milioni 492 wanautegemea angalau kwa sehemu ya maisha yao. Kati ya kila 10 wanaofanya kazi humo, 4 ni wanawake. Sasa chukua hizo namba halafu angalia orodha ya wajumbe wa baraza au bodi yoyote ya uvuvi unayoijua, hesabu mwenyewe.

Kushirikishwa na kuwakilishwa si mambo yale yale?

Yanaenda pamoja lakini unaweza kuwa na moja bila lingine. Kushirikishwa ni wewe mwenyewe kuwa sehemu ya mchakato, unasema, unapiga kura, unahesabu samaki, unaenda doria. Kuwakilishwa ni mtu mwingine kukaa mezani kwa niaba yako kwa sababu nyote hamwezi kuenea. Kwenye mwalo mmoja au diko moja mnaweza kushiriki wote, mkipanda ngazi ya wilaya na taifa lazima muwe na mwakilishi, na hapo ndo matatizo mengi huanzia, manake yule mtu anaenda mbali na nyie hamuoni anachokisema.

Tuliitwa semina, tukasaini mahudhurio, tukasikiliza, tukarudi. Hiyo si ndo kushirikishwa?

Hapana. Hiyo ni kuhudhuria.

Picha yenyewe watu wengi wanaijua. Rasimu ya kanuni ina kurasa 40, imeandikwa kwa lugha ya kisheria, mnagawiwa asubuhi ile ile mlangoni. Mtaalam anapresenti slaidi mpaka saa saba. Baada ya hapo maswali, wavuvi wanapewa dakika chache kabla ya kufunga, mzee mmoja anasimama anaeleza jambo la maana sana kuhusu nyavu za msimu wa upepo, anaambiwa asante mzee tumelichukua, na kwenye ripoti inaandikwa kwamba wadau walishirikishwa kikamilifu. Orodha ya sahihi inaambatanishwa kama ushahidi. Kanuni inatoka kama ilivyoandikwa mwanzo.

Kipimo changu ni hiki, na kinafanya kazi popote: uliza ni kipengele gani kilibadilika kwa sababu wavuvi walisema, na kwa vile visivyobadilika, uliza sababu mliyopewa. Kama hakuna kilichobadilika na hakuna aliyewaambia kwa nini, hamkushirikishwa hata kama mlijaa ukumbi mzima. Serikali ina haki ya kukataa hoja zenu, haina haki ya kunyamaza.

Na hili si la nchi moja. Ule utafiti wa 2023 ulikuta kwamba kwenye karatasi usimamizi shirikishi, yaani serikali na wavuvi kusimamia uvuvi kwa pamoja, unagusa takribani asilimia 40 ya samaki wa uvuvi mdogo, lakini ushiriki wa kweli wa hali ya juu unakisiwa kuwa kama nusu ya hapo, asilimia 20 hivi. Sheria nyingi zipo. Utekelezaji ndo umebaki kule kule kwenye ukumbi wa semina.

Wataalam wapo, wana vipimo na digrii. Mvuvi anaongeza nini?

Kwanza anaongeza taarifa ambazo hazipo kwenye kompyuta yoyote: samaki fulani wanataga wapi, mkondo ukigeuka wanahamia wapi, nyavu ya matundu haya inakamata nini mwezi huu na inakamata nini mwezi ujao, jirani gani anavua usiku kwa kuficha.

Pili, na hili ndo zito, sheria ya uvuvi inafuatwa majini ambako hakuna mtu. Boti ya doria ni moja, mafuta yake yana bajeti, na maji ni makubwa. Kanuni ambayo wavuvi wanaiona ni ya kwao wanailinda wenyewe, ile wanayoona imeletwa tu kutoka juu inafuatwa pale boti ya doria inapoonekana, ikishapita shughuli inaendelea. Angalia Ghana. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kufunga uvuvi mwezi wa nane, wavuvi wa mitumbwi wakaja juu, wakasema taarifa imekuja ghafla na huo ndo msimu wao mkubwa, serikali ikarudi nyuma. Wakakaa tena wakaongea, na 2019 mitumbwi ikasimama kuanzia 15 Mei hadi 15 Juni. Kufunga ni kule kule, samaki ni wale wale, kilichobadilika ni tarehe na mazungumzo. Sisemi kila mtu aliridhika, wapo waliolalamika na wanaendelea kulalamika, ila mitumbwi ilisimama.

Nani anafaa kuwa mwakilishi? Kwetu kila mwaka anachaguliwa tajiri mwenye boti nyingi.

Tajiri hana kosa la kuwa tajiri, na mara nyingi ndo mwenye muda, nauli na simu ya kupokelewa ofisini. Shida ni kwamba mwenye boti na baharia wake hawana maslahi yale yale. Mkijadili muda wa kufunga uvuvi, mwenye boti anafikiria mkopo wa mashine, baharia anafikiria mwezi mzima bila mgao. Mkijadili usalama na makoti ya kuokolea, mmoja analipa na mwingine ndo anazama. Kumtuma mmoja aseme kwa niaba ya wote wawili ni kumpa mtihani asioweza kuufaulu hata akiwa mwema kiasi gani.

Ndo maana sehemu nyingine wameweka mgawanyo wa viti. Miongozo ya pamoja ya 2005 ya BMU za Ziwa Victoria, yaani vikundi vya wavuvi na wadau wa mwalo vinavyosimamia rasilimali za uvuvi, ilitaka kamati ya watu 9 mpaka 15 ambayo asilimia 30 ni wamiliki wa vyombo, 30 ni mabaria, 30 makundi mengine kama wachakataji na mafundi boti, na 10 ni wafanyabiashara wa samaki, halafu wawemo angalau wanawake 3. Je, huo mgawanyo umefuatwa kila mwalo? Wapi! Baria anayehama mwalo kila msimu anagombea vipi, na baria anayesimama dhidi ya tajiri wake kesho anapanda boti ya nani? Lakini bora kuwe na kanuni ambayo unaweza kuinyooshea kidole kikaoni ukasema hapa hatukuifuata, kuliko kutokuwa na kitu.

Mambo madogo yanayosaidia: kura ya siri badala ya kunyoosha mikono mbele ya tajiri, kila kundi lichague mtu wake lenyewe kwanza kabla ya mkutano mkubwa, na uchaguzi usifanyike siku ambayo nusu ya watu wapo majini.

Wanawake je? Wanaambiwa hawavui, kwa hiyo haiwahusu.

Nani kasema hawavui? Sehemu nyingi duniani wanaookota pweza, chaza, kaa na kombe kwa miguu maji yakipwa ni wanawake kwa wingi. Tatizo hiyo kazi haiandikwi kwenye takwimu kwa sababu haina leseni wala usajili wa chombo, na kisichoandikwa hakipewi kiti. Kwahiyo mnakuta kamati ya wanaume watupu inaamua kufunga mwamba ambao wao wenyewe hawavui hapo, wanavua nje kwenye kina, na wanaoumia ni wale ambao hawakuwepo kikaoni.

Kusini magharibi mwa Madagaska, eneo la Andavadoaka, tangu 2004 wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu za mwamba kwa muda ili pweza wakue. Pweza anakua haraka sana, miezi michache tu uzito unaongezeka mno, kwa hiyo matokeo yanaonekana mapema. Pale huwezi hata kuanza mazungumzo bila wanaookota kwa miguu kukubali, manake wao ndo wanaopisha, na siku ya kufungua ni wao wanaokwenda.

Kwa wachakataji na wachuuzi ni vivyo hivyo. Kanuni ya ukubwa wa samaki anayeruhusiwa kuuzwa inamgusa mama wa sokoni moja kwa moja, yeye ndo anayekamatwa na ndoo. Kumwita kwenye kikao baada ya kanuni kupita ni kumwita kuja kusomewa hukumu.

Na tafadhali, kiti kimoja cha mwanamke kati ya 15 si kitu. Mtu mmoja peke yake anazidiwa sauti. Waweke watatu wanne, na wachaguliwe na wanawake wenzao, asiteuliwe shemeji wa mwenyekiti.

Kikao kiwekwe lini ili wavuvi waje?

Swali zuri na halipewi uzito. Ofisi zinapanga kwa kalenda ya ofisi, Jumanne saa tatu asubuhi, saa ambayo chombo ndo kinashusha. Mvuvi anaishi kwa kalenda ya mwezi na maji. Wanaovua dagaa kwa taa wanafanya kazi kwenye giza, mbalamwezi ikiwa kali hawaendi, basi hiyo ndo wiki yao ya kikao. Wanaookota mwambani wanataka bamvua, maji yanapokupwa sana, kwa hiyo wao waite kipindi cha maji mafu. Wachuuzi waite baada ya soko. Ndiyo, maana yake mikutano miwili au mitatu midogo badala ya mmoja mkubwa wenye bango na picha. Afadhali hiyo.

Kingine, rasimu ipelekwe wiki mbili tatu kabla, kwa lugha wanayoongea watu, na kwa ambao hawasomi irekodiwe sauti isambazwe kwenye grupu. Voisi ya dakika tano inafika mbali kuliko kabrasha.

Mwakilishi wetu akifika huko juu anabadilika, anasaini kila kitu. Tunamfanyaje?

Hapa ndo penyewe. Watu wanahangaika sana na jinsi ya kumpata mwakilishi, lakini hawapangi chochote kuhusu anavyoondoka na anavyorudi. Bila hivyo hata mtakatifu atapotea, kwa sababu huko juu yuko peke yake kati ya watu wenye vyeo, anapewa chumba cha hoteli na posho, na kila mtu anamwambia ni mtu mwenye busara kwa kuwa anakubali.

Kabla hajaondoka, kaeni mmwandikie kwenye karatasi moja: haya tunayataka, haya tunaweza kulegeza, haya usisaini mpaka urudi kutuuliza. Hiyo ya tatu ni muhimu kuliko zote, manake inampa sababu ya kusema hapana bila kuonekana mkorofi, anasema tu wenzangu hawajaniruhusu. Wasiende peke yao, waende wawili, mmoja aongee na mwingine aandike. Akirudi, ndani ya siku chache asimame pale pale wanaposhushia samaki aeleze kilichosemwa, alichosema yeye, na kilichoamuliwa, halafu maswali. Posho aliyopewa aitaje pia, mambo ya siri kwenye hela ndo yanazaa maneno.

Kwenye katiba ya kikundi wekeni ukomo, mihula miwili inatosha, na wekeni njia ya kumrudisha nyumbani kabla ya muda kwa kura. Kama hakuna njia ya kumtoa, hamkuchagua mwakilishi, mmemtawaza.

Usimamizi shirikishi ukifanya kazi unaonekanaje?

Haufanani kila sehemu. Japani haki za kuvua pwani zinashikwa na vyama vya ushirika vya wavuvi, sheria yake kubwa ni ya 1949, na mambo mengi ya nani avue wapi na lini yanamalizwa ndani ya chama. Chile baada ya konokono wao wa baharini anayeitwa loco kuvuliwa kupita kiasi mpaka uvuvi ukafungwa kuanzia 1989, sheria ya 1991 iliruhusu vikundi vya wavuvi kukabidhiwa vipande vya bahari, wao ndo wanavilinda na wanavuna kwa kiwango kinachopangwa kutokana na tathmini. Jimbo la Maine kule Marekani, kwa wavuvi wa kamba wakubwa (lobster), sheria ya 1995 iligawa pwani kanda 7, kila kanda na baraza lililochaguliwa na wenye leseni, na jambo kama idadi ya mitego kwa kila mtu linapita wavuvi wenyewe wakilipigia kura theluthi mbili. Katalunya nchini Hispania kuna kamati ya samaki mdogo wa mchangani anayeitwa sonso, ilianza 2012 baada ya sheria za Ulaya kuzibana nyavu zao, na humo wavuvi, serikali, wanasayansi na mashirika ya mazingira wanakaa meza moja mara kwa mara na kuamua pamoja kiasi cha kuvua.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa Alanya, Uturuki, ambao Elinor Ostrom aliuelezea, yule mama aliyepata Nobel ya uchumi 2009. Pale sehemu nzuri za kutega ni chache na watu walikuwa wakigombana. Wavuvi wakajaribu mambo kwa miaka wakaja na utaratibu, kwa jinsi Ostrom alivyouelezea wakati huo: kila Septemba wanaandika majina ya wote wanaostahili kuvua, wanaandika sehemu zote za kutega zilizoachana vya kutosha ili wavu wa mmoja usimzuie samaki kufika kwa mwingine, halafu wanapiga kura ya bahati. Kila mtu anaanza na sehemu aliyoipata, kesho yake anasogea moja kuelekea mashariki, hivyo hivyo mpaka Januari, kisha wanageuza wanasogea magharibi. Kila mtu anapita kwenye sehemu nzuri na kila mtu anapita kwenye mbaya. Nani analinda? Yule ambaye leo ni zamu yake kwenye sehemu nzuri, anaamka mapema na ole wako akukute hapo. Orodha nakala yake inawekwa kwa meya na kwa askari. Serikali ilichofanya ni kuitambua tu, haikuitunga, na hiyo kuitambua ilitosha kuipa nguvu.

Hatujasoma. Tutabishana vipi na mwanasayansi mwenye grafu?

Kwa daftari. Kila safari andikeni tarehe, saa ya kutoka na kurudi, aina ya zana na matundu, eneo kwa jumla, kilo za kila aina, na kama inawezekana urefu wa samaki wachache. Mwaka mmoja wa hizo namba kwa vyombo vichache vinavyoandika kwa uaminifu unabadilisha kabisa namna mnavyosikilizwa, kwa sababu mnaacha kusema samaki wamepungua na mnaanza kusema mwaka jana tulivua saa sita tukapata kilo hizi, mwaka huu saa tisa tunapata nusu.

Usisahau kuandika saa na zana, watu wanaandika kilo tu. Kilo peke yake zinadanganya. Mnaweza kuleta tani zile zile kila mwaka huku mnakwenda mbali zaidi, mnakaa zaidi na mnatupa nyavu nyingi zaidi, na ofisini grafu inaonekana imetulia. Samaki wa makundi ndo wabaya zaidi kwa hili, hata wakibaki wachache bado wanakusanyika, mnawapata vizuri tu, mpaka siku wanapoisha kwa mkupuo.

Angalizo moja. Data ni mali. Kabla hamjampa mtu yeyote kubalianeni kwa maandishi itatumika kwa nini, nani ataiona, na mtarudishiwa nini. Wapo waliotoa ramani ya sehemu zao nzuri za kuvua kwa moyo mweupe, baadae wakaikuta ndo ramani ya eneo linalofungwa. Nakala ya kwanza ibaki kwenu, siku zote.

Kuna sheria yoyote ya kimataifa tunayoweza kuishika?

Ipo mikataba na ipo miongozo, msizichanganye. Ule mwongozo wa FAO wa uvuvi mdogo wa 2014 ni wa hiari, serikali haishtakiwi kwa kuuvunja. Lakini ulitungwa kwa kuongea na watu zaidi ya 4,000 kutoka nchi zaidi ya 120, wakiwemo wavuvi wenyewe, na nchi nyingi zinazogoma kuutekeleza zilikuwepo chumbani ulipopitishwa, kwa hiyo kuwakumbusha si kosa. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za wakulima wadogo na watu wanaofanya kazi vijijini, la Desemba 2018, linawataja wavuvi wadogo pia na linaongelea haki yao ya kushiriki kwenye maamuzi yanayowagusa. Na kwenye malengo ya maendeleo endelevu lipo lengo 14.b, kuwapa wavuvi wadogo nafasi kwenye rasilimali na masoko, ambalo nchi zinaliripotia.

Vyote hivyo ni vya kusaidia kujenga hoja. Kinachobana kweli ni sheria ya nchi yenu, hiyo ndo ya kuisoma kwanza, kipengele kwa kipengele, hasa pale inaposema waziri "atashauriana" na pale inaposema "anaweza kushauriana". Tofauti ya hayo maneno mawili mahakamani ni kubwa.

Mahakamani kunasaidia?

Mara nyingine, ila ni safari ndefu. Afrika Kusini sheria ya 1998 ilitambua wavuvi wa biashara, wa kujikimu na wa burudani, wale wa katikati wanaovua kuuza kidogo na kula wakaangukia kwenye ufa, hawana kundi hawana haki. Wakaungana, wakapata mawakili, wakaenda Mahakama ya Usawa, na 2007 ikatoka amri kwamba wapewe nafuu ya muda na itengenezwe sera mpya wao wakiwemo. Sera ilipitishwa 2012, sheria ikarekebishwa 2014. Ni miaka saba toka amri mpaka sheria, na ugawaji wa haki kwa vikundi baada ya hapo ukawa na migogoro yake. Kwa hiyo ndiyo inawezekana, lakini usiende mahakamani kama kikundi chenu hakiwezi kukaa pamoja miaka yote hiyo.

Meli kubwa zinaingia kwenye maji yetu. Hilo nalo ni la uwakilishi?

Ndiyo, manake mistari ya kanda huchorwa na waliopo mezani. Ufilipino kwa sheria ya 1998 maji ya kilomita 15 kutoka ufukweni ni ya manispaa na kipaumbele ni wavuvi wadogo wa hapo, na kuna mabaraza ya ushauri ambamo wavuvi, wanawake na vijana wana nafasi. Mstari peke yake hautoshi, mabishano ya kuingia ndani ya hizo kilomita 15 yapo mpaka leo, lakini mstari ukiwepo kwenye sheria mvuvi anakuwa na cha kuripoti. Piga picha, andika saa, alama za meli na mahali mlipo, tuma kwa ofisi na weka nakala.

Vipi kuhusu bandari, mafuta, hoteli na maeneo tengefu?

Hapo wavuvi wanazidiwa mara nyingi kuliko kwenye uvuvi wenyewe, kwa sababu maamuzi yanafanywa na wizara nyingine kabisa na wa uvuvi wanajulishwa baadae. Msisubiri barua ya idara ya uvuvi. Fuatilieni matangazo ya tathmini ya mazingira, kuna kipindi cha kutoa maoni, ni kifupi, kikipita kimepita. Pelekeni maoni kwa maandishi, mgonge mhuri wa kupokelewa.

Wavuvi wa kuhama, wale wa dago, nao wahesabiwe?

Wahesabiwe. Wenyeji hawapendi kulisikia hili, wanasema wageni ndo wanaomaliza samaki, na kweli mtu asiyerudi mwakani ana sababu chache za kuhurumia mwamba. Lakini ukimwacha nje kabisa umempa ruhusa ya kutofuata chochote. Njia ya kati ni kumpa kiti bila kura, au kura kwa mambo ya msimu wake tu, na nahodha wa kambi awajibike kwa watu wake mbele ya kamati. Tena wengi wenu mnaowalalamikia wageni, msimu ukigeuka nanyi mnahama mnakuwa wageni kwa wenzenu.

Nani alipie yote haya?

Mradi ukilipa kila kitu, mradi ukiisha kikao kinaisha. Hilo limeshatokea mara nyingi mno. Posho nayo ina ubaya wake, inawaleta watu wa posho. Ila kumwambia mvuvi aache siku ya kazi aje bure wakati kila mwingine mezani analipwa mshahara kwa kukaa pale, hilo nalo si haki. Nauli na fidia ya siku, basi, bila bahasha. Kwa muda mrefu kamati inahitaji chanzo chake, sehemu ya ushuru wa samaki wanaoshushwa irudi kwao kisheria, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi.

Tunataka kuanza sasa hivi, hatuna mradi wala mfadhili. Tuanzie wapi?

Anzeni na jambo moja dogo ambalo lipo ndani ya uwezo wenu na linawaudhi wote. Msianze na katiba ya kurasa 30. Labda ni foleni ya kushusha, labda ni mizani inayopunja, labda ni nyavu kutegwa kwenye njia ya vyombo usiku. Kaeni kwa makundi, mkubaliane, andikeni mlichokubaliana kwenye karatasi moja, nakala moja mpelekee afisa uvuvi mumwombe asaini kwamba ameiona. Mkishafanikisha hilo mna kikundi kinachojulikana, mna kumbukumbu za vikao na mna watu waliozoea kusikilizana. Rasimu ya kanuni ikitangazwa, ombeni nakala kwa barua, mjibu kwa barua kipengele kwa kipengele, na mwisho wa barua yenu mtaje tarehe mnayotarajia majibu.